Riwaya sita za Kezilahabi kwa mizani ya Tarime na Mugumu

Tuanze na jiografia, maana kuna ndugu zangu wa Tarime wanaosisitiza kwamba Euphrase Kezilahabi ni mwandishi wa "huko Mwanza". Kiutawala ni kweli. Lakini toka Mugumu, pita Nata, shuka Bunda, nyoosha hadi Kisorya: bado uko mkoa wa Mara. Panda kivuko, teremka Rugezi, umeshaingia Ukerewe, alikozaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo. Huyu ni jirani. Alifariki Januari 2020 akatuachia riwaya sita, na huku kwetu utawasikia wengi wakiitaja moja tu.

Nazipanga kutoka ya sita hadi ya kwanza, na kipimo changu ni kimoja: kitabu kinatugusa kiasi gani sisi wa Tarime na Serengeti. Mwenye kipimo kingine aje na orodha yake, chai nitalipa mimi.

6. Mzingile (1991)
Mtu anamtafuta mzee aitwaye Kakulu katika dunia iliyoharibika kupita kiasi. Kurasa chache tu, na msomaji naye anaanza kutafuta wa kumwelekeza njia. Nakipenda kitabu hiki. Nakiweka wa sita kwa sababu kinaelea juu ya mahali popote, na mizani yangu ina udongo.

5. Nagona (1990)
Ndugu yake Mzingile. Kezilahabi alikuwa amerudi kutoka Wisconsin, Marekani, alikopata udaktari mwaka 1985 kwa utafiti uliohusu falsafa ya Kiafrika, na riwaya zake hazikuwa tena zile za awali. Humu kuna paa anayesakwa kama ukweli wenyewe. Watu wa Robanda wanaopishana na swala kila asubuhi watauliza shida iko wapi. Someni, wazee wangu. Huyu paa hakamatiki kwa mbio.

4. Dunia Uwanja wa Fujo (1975)
Tumaini anarithi mali, anaila kwa pombe na starehe, halafu anatulia na kuwa mkulima mkubwa huko Shinyanga. Akishatulia tu, siasa ya ujamaa inalifikia shamba lake. Anaua kiongozi, naye anahukumiwa kunyongwa. Watu wa Nyamongo, mnaojua uchungu wa ardhi na hesabu za fidia, hiki mtakisoma mkiwa mmesimama. Kaeni chini kwanza.

3. Kichwamaji (1974)
Mwaka huohuo alitoa *Kichomi*, diwani ya mashairi huru iliyowakasirisha walinzi wa vina na mizani. Ndiyo, kwa mwaka mmoja aligombana na washairi na akawanyima wasomaji wa riwaya usingizi.

Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu ambaye elimu imemfundisha kutilia shaka kila kitu na haikumpa cha kushika. Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mkubwa serikalini, amemharibia dada yake, Rukia. Kazimoto anapanga kulipiza kupitia Sabina, dada wa Manase, kisha anampenda kweli. Sasa wewe mura uliyeoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yako, niambie kama habari ya Rukia ni ya Ukerewe peke yake. Kwetu kaka na dada wamefungwa kamba moja tangu zizini. Mwisho wake ni mzito mno, na sitausimulia hapa.

2. Rosa Mistika (1971)
Najua, najua. Mlitaka iwe ya kwanza. Ni riwaya yake ya mwanzo, ilizuiwa shuleni, na kila aliyezuiwa aliitafuta kwa bidii ambayo walimu wa hesabu wangeitamani. Baadaye ikaingia darasani kwa mlango wa mbele.

Zakaria, baba mlevi, anamlinda bintiye kwa fimbo. Rosa hafundishwi chochote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa, na anapofika mbali na fimbo hana kinga yoyote. Nikisoma habari hii nawafikiria mabinti wa wilaya zetu wanaokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu msimu wa Desemba ili wasikeketwe, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kezilahabi hakuandika kuhusu ukeketaji. Aliandika kuhusu baba anayeamini kwamba mwili wa binti ni mali ya kulindwa, asiyewahi kuketi naye wakazungumza. Zakaria hao tunao, na baadhi yao hawanywi hata tone.

1. Gamba la Nyoka (1979)
Hapa sipunguzi. Tuna vijiji vya Kisole na Bucho, amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, na wazee ambao hawajashawishika. Sasa waulizeni wazee wetu kuhusu 1974. Operesheni ilipita huku pia: watu walitolewa kwenye miji yao iliyotawanyika, penye malisho na makaburi ya koo zao, wakapangwa pamoja vijijini. Waikoma na Wanata walikuwa wameshaonja kufungiwa ardhi, tangu Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951.

Na rais mwenye sera hiyo alikuwa mtoto wa Butiama, mtu wa Mara. Nampenda Mwalimu, nasema wazi. Lakini Mwalimu akiwa bado Ikulu, jirani yetu wa Namagondo alichapisha riwaya inayouliza mkulima anahamaje moyoni wakati mwili umebebwa na lori. Anawacheka wasomi wenye maneno makubwa, na wazee nao hawapitishi bure.

Wakurya jambo zito tunalipeleka iritongo, watu wanakaa, wanabishana mpaka jua lizame. Ukiisoma *Gamba la Nyoka* ukiwa umekulia huko, swali moja linakusumbua kitabu kizima: hawa watu waliulizwa? Hakuna riwaya yake nyingine inayonifanya nitake kumsomea babu kwa sauti, nimwache anikatize kila aya.

Mwenye *Rosa Mistika* kama namba moja, mura, leta hoja. Na anayekuja na *Mzingile*, aje amekimaliza.