Safu ya Njia Panda: Dubai Mbali, Soni Hapo Juu

*Shangazi wa Njia Panda, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, nina kibanda cha vifaa vya simu hapa Mombo. Kutwa naona mabasi ya Arusha na ya Dar yakipita yamejaa watu wanaokwenda mahali, mimi naachiwa vumbi lao. Naota Dubai. Nimenunua kibubu na kila siku natumbukiza shilingi 1,000. Je, nitafika? Ni mimi, Mwenye Kiu ya Maghorofa.*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na kibubu, maana ndoto husubiri ila hesabu haisubiri. Shilingi 1,000 kwa siku ni 365,000 kwa mwaka. Pasipoti peke yake ni 150,000, yaani siku 150 za kujinyima soda ili upate kijitabu ambacho bado hakijakuvusha hata daraja la Korogwe. Hapo hatujagusa viza, tiketi ya ndege, hoteli, wala zile suruali mbili mpya ambazo huwezi kwenda Dubai bila kuzinunua. Kwa mwendo huo utafika, sikatai, lakini utafika na mkongojo, na wajukuu watakuwa wamekupa orodha ya zawadi. Hata hivyo udogo wa kibubu si tatizo. Wapo wenye vibubu vikubwa kuliko chako wanaofanya kosa lile lile: wanadhani likizo inauzwa kwa kilomita, hivyo aliyekwenda mbali zaidi ndiye aliyepumzika zaidi. Nauli ndiyo inayouzwa kwa kilomita. Likizo inauzwa kwa tofauti: tofauti ya hewa, ya mandhari, ya chakula, ya watu wanaokujua na wasiokujua. Na bahati nzuri kwa mtu wa kibubu, bei ya tofauti haipandi sambamba na bei ya umbali.

Ushahidi wa kwanza unapita mbele ya kibanda chako kila siku. Basi limetoka Dar alfajiri, abiria wamekaa hadi magoti yamekufa ganzi, linasimama Mombo. Wanashuka, wengine kuchimba dawa, wengine kula wali kuku kwa haraka. Mchuuzi anainua beseni hadi dirishani, mayai ya kuchemsha yamepangwa kwa duara, chumvi na pilipili zimefungwa kwenye vipande vya gazeti. Mkono unatoka dirishani na noti, unarudi ndani na yai. Halafu angalia wanachokifanya kabla konda hajapiga bodi la gari: wanatoa simu na kuipiga picha Milima ya Usambara iliyosimama nyuma ya mji kama ukuta. Wewe Mombo unaijua kwa joto na mbu, wao kwa dakika ishirini wameijua kwa milima. Mji ni ule ule, saa ni ile ile. Aliyetoka kwingine ndiye aliyeuona.

Ushahidi wa pili unatoka huko huko unakokuota. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, jua la Ghuba linapochoma hata usukani wa gari haushikiki, familia za Emirati na Saudia hukimbilia Salalah, kusini mwa Omani. Kutoka Dubai ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, sehemu kubwa ikiwa jangwa tupu. Wanafuata nini? Manyunyu. Pepo za msimu hufunika milima ya Dhofar kwa ukungu, nyasi zinaota, na watu wazima wenye magari ya thamani wanatandika mkeka kwenye majani mabichi, wanakaa kulowa mvua kwa furaha. Sasa nenda njia panda ya Lushoto, utazame juu asubuhi ya Julai. Ukungu, manyunyu, majani mabichi, vyote vipo, na mwenye maghorofa angeviendea safari ya kutwa nzima. Wewe unavitazama ukiwa umeketi kwenye kigoda, unaota lami yake. Kila mmoja ana kiu ya kilicho kwa mwenzake, hilo ni ubinadamu. Ila wewe kiu yako ina dawa kilomita 33 kutoka hapo ulipo.

Kilomita hizo 33 si kama nyingine. Mombo iko kwenye mwinuko wa mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari, mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Hewa hupoa takriban digrii sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ndani ya safari ambayo haimalizi hata chaji ya simu umebadilisha tabianchi. Ungesafiri kwenye tambarare upate badiliko hilo, ungemaliza siku njiani. Wajerumani walilijua hili mapema. Reli waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, miaka sita hivi kabla ya kufika Moshi, na kutoka stesheni hiyo maofisa waliochoshwa na joto la pwani walipanda hadi Lushoto, wakati huo wakiiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Sisemi tuwasifu, ardhi haikuwa yao na mizigo haikubebwa na mabega yao. Nasema tu kwamba watu waliokuwa na meli za kuwarudisha kwao, walipotaka kupumua, walihesabu mwinuko.

Najua utajibu: "Shangazi, Lushoto ndiko yanakotoka makabichi. Nani anaota kabichi?" Pingamizi hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ndoto zetu za safari hatuzitungi peke yetu, tunazipokea zimeshapigwa picha. Mahali pasipo na wa kuparusha kwenye simu hapaingii ndotoni. Lakini mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika misitu hii ya Usambara ua dogo la zambarau linalopenda kivuli. Limezalishwa kwenye vyungu, likawekwa madirishani Ulaya na Marekani nzima, na kwa Kijerumani mpaka leo linaitwa kwa jina la Usambara. Bibi wa Berlin analinyunyizia maji kila asubuhi na hajui kwamba liliokotwa huku, na wewe unayeishi huku hujawahi kuliona. Ndugu zake wa porini bado wamo milimani. Hao unaowaita watalii wanalipa ndege ili waje kuinama kwenye ua hilo na kumtafuta kinyonga wa pembe tatu.

Kwa hiyo gharama. Kinachomaliza fedha za safari fupi ni kulala, nauli ni ndogo. Basi usilale. Panda asubuhi, shuka Soni unywe chai na utazame maporomoko, endelea Lushoto, tembea kwa miguu hadi kilele cha Irente, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Pale mlima unakatika ghafla. Chini unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyochorwa kwa rula, na barabara kuu nyembamba kama uzi. Yale mabasi yaliyokuwa yakikuachia vumbi, kutoka pale juu yanatambaa kama siafu. Jioni unarudi kwako na kibubu kimepungua wiki chache tu, hakijavunjwa.

*Shangazi, mume wangu anasema Desemba twende kwa dada yake Dar es Salaam kwa sababu malazi ni bure. Watoto wanataka bahari. Roho yangu haitaki ila sina hoja. Nipe hoja. Mama Watatu, Mazinde.*

Hoja unayo, bibie, imejificha kwenye neno "bure". Malazi ya bure ndiyo malazi ghali kuliko yote, kwa sababu bei yake haiandikwi popote. Huwezi kwenda kwa wifi mikono mitupu: mchele wa huku kwetu lazima, kuku wawili lazima, na konda atautoza mzigo. Ukifika utakuta kuna mchango wa harusi, na jina lenu lilishaandikwa. Siku ya kwenda baharini watoto wenu ni watatu, lakini wa mwenyeji hawawezi kuachwa nyumbani wakilia, kwa hiyo mtalipia saba. Na wewe mwenyewe utakuwa wapi? Jikoni kwa wifi, ukikuna nazi kwa mbuzi usiyemzoea. Tumesema likizo ni tofauti, na kuhama jiko moja kwenda jiko jingine si tofauti, tena la wifi lina macho. Ongeza Desemba yenyewe. Ni mwezi ambao nusu ya Dar inapanda kwenda Kilimanjaro kula Krismasi, kisha Januari inashuka yote kwa pamoja. Mazinde ipo katikati ya wimbi hilo. Nyinyi mtakwenda kwa raha maana magari yanayoshuka kabla ya sikukuu yana nafasi, lakini mkirudi siku hizo hizo mtagombea viti na watu wanaokwenda hadi mwisho wa njia, na aliyeshika tiketi atataka mlipe kama mnafika Moshi, au mkae kwenye ndoo karibu na injini.

Bahari ya watoto ipo Tanga. Kupitia Segera na Muheza ni chini ya kilomita 150, na mabasi ya njia hiyo hayamo kwenye wazimu wa Desemba. Wataogelea Raskazone, na mkilala usiku mmoja gesti, asubuhi yake wataingia Mapango ya Amboni wakapige kelele zirudi. Mkipata nguvu, nendeni Tongoni mkaone makaburi ya nguzo na msikiti wa kale. Huko waambieni watoto habari ya Vasco da Gama, msafiri anayetajwa kwenye kila kitabu cha shule: mwaka 1499, akirudi kutoka India, mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi kiasi kwamba hawakutosha kuendesha meli zote, akaichoma moto moja, São Rafael, pwani hii hii. Hata yeye bajeti ilimwishia Tanga.

Mumeo atasema, na atakuwa na haki, kwamba undugu hauhesabiwi kwa daftari, na dada akisikia mmepita Tanga bila kufika kwake atanuna. Kweli. Kusalimia ndugu ni wajibu, wala simshauri mtu aukwepe. Ila wajibu uwe na fungu lake. Tunapouchanganya na likizo tunaharibu vyote viwili: ndugu anapata mgeni aliyechoka na anayehesabu, nasi tunarudi kazini tumechakaa kuliko tulivyoondoka, kisha tunasema likizo ni za matajiri. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Mumeo, kama ameajiriwa, anaweza kumpa dada yake siku tatu za Mei, aende peke yake kwa nauli moja na kuku mmoja, dada atafurahi kuliko kuvamiwa na watu watano. Mwambie hivyo akiwa ameshiba.

*Wewe Shangazi unatusifia Lushoto kama vile wewe ni mtalii. Mimi nimezaliwa Soni, nikashuka Mombo kutafuta riziki. Nikipanda huko nakutana na jembe, msiba na ada za wadogo zangu. Hiyo nayo ni likizo? Mshambaa Aliyeshuka.*

Umenishika, na sitajitetea. Kwako wewe Soni ni zamu ya pili ya kazi, na ushauri niliompa kijana wa kibanda haukufai. Lakini ona ulivyonishinda: umetumia kipimo kile kile. Hukulalamika kwamba Soni ni karibu mno, umelalamika kwamba Soni umeizoea na inakudai. Basi wewe teremka. Ufuate mto unaopita Korogwe mpaka unapomalizikia baharini, mji wa Pangani, wenye majumba ya kale yenye milango ya kuchongwa, kivuko, na samaki aliyevuliwa asubuhi. Huna shamba Pangani, huna mdogo wa kulipiwa ada, na hakuna atakayekuita kwenye kikao cha ukoo. Simu ukiizima hapo hakuna atakayesema umejidai.

Na wewe mwanangu wa maghorofa, sijakukataza Dubai. Iandikie mwaka, uiandikie bei, kibubu kiendelee. Lakini Jumapili hii kibanda usikifungue kabisa. Magari ya Lushoto yapo pale njia panda na hayana saa, huondoka yakijaa, kwa hiyo wahi. Na ubebe sweta.