Lumbesa ya Tarakimu

Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Vipimo,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPIMIWA RUTA YA NYUMBANI

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, nakupongeza kwa kazi. Wakaguzi wako wakionekana tu kwenye lango la soko, muuza nyama anakumbuka ghafla kwamba mizani yake ina matatizo. Kwenye vituo vya mafuta mnamimina petroli ndani ya chombo chenu wenyewe kuhakikisha kwamba lita ni lita. Na lumbesa mmeipigia kelele miaka nenda miaka rudi, hadi mkulima wa viazi wa Njombe anajua kwamba Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iko upande wake, hata kama dalali amejisahaulisha.

Kwa sifa hizo nimeona nisihangaike na ofisi nyingine. Ipo bidhaa Kariakoo inauzwa kwa kipimo ambacho hakijawahi kupita mbele ya mkaguzi wako yeyote. Bidhaa hiyo ni ruta ya Wi-Fi.

Nilikwenda kununua moja kwa ajili ya nyumba ya vyumba vitatu, sebule na jiko. Kijana wa dukani hakuniuliza vyumba wala kifurushi. Alishusha boksi, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaniwekea kaunta kwa heshima zote.

“Mzee wangu, chukua hii. Elfu tatu.”

Nikaingiza mkono mfukoni haraka kabla hajabadili mawazo. Kumbe elfu tatu haikuwa bei. Bei ilikuwa na sifuri zake, tena za kutosha.

“Elfu tatu ya nini, mwanangu?”

“Ya spidi.”

“Spidi ya kitu gani?”

“Ya ruta yenyewe. Ile kule juu ni elfu moja mia mbili tu, wanachukua wanafunzi.”

Simlaumu. Alisoma kilichoandikwa: AX3000. Namba hiyo ilivyopatikana ndiyo nakuomba uisikilize ukiwa umekaa. Ruta ya aina hiyo ina redio mbili. Moja hufanya kazi kwenye gigahezi 2.4, na mambo yote yakiwa ya peponi inarusha megabiti 574 kwa sekunde. Nyingine iko kwenye gigahezi 5, nayo kwa masharti hayohayo inafika 2402. Wakajumlisha, wakapata 2976. Wakaona aibu kuuza namba yenye mkia, wakaifanya 3000. Ile ya wanafunzi nayo ni vivyo hivyo: 300 na 867 ni 1167, na kwa ukarimu wa kiwandani ikawa AC1200.

Ni sawa na mama ntilie apime wali kwenye mizani hii na maharage kwenye mizani ile, ajumlishe, aongeze kidogo cha kuvutia macho, kisha amwambie mteja kwamba achague ama wali ama maharage, vyote pamoja havitoki. Maana simu hushika bendi moja tu kwa wakati mmoja. (Wi-Fi 7 inaruhusu kifaa kushika zaidi ya moja, lakini mwenye simu ya namna hiyo hajapanga huku kwetu.) Hata hiyo 2402 inataka njia yenye upana wa megahezi 160, wakati simu nyingi huishia 80, yaani nusu yake, 1201. Nayo ni kasi ya hewani, kabla redio hazijatoza ushuru wao wa kusalimiana, kusubiriana na kurudia yale ambayo hayakusikika vizuri. Kwenye lumbesa mliyoizoea, gunia ndilo linalozidi na maandishi yanabaki kilo mia. Huku gunia limebaki lilivyo; kilichoota kichogo ni maandishi.

Sasa tuangalie gunia hilo linaenda kubeba nini. Kifurushi changu cha faiba ni megabiti 20 kwa sekunde. Nikinunua ruta ya elfu tatu, ya elfu sita au ya elfu kumi, kinachoingia ndani kutoka mtaani ni 20. Na hizo 20 zenyewe ni biti, si baiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo napata megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na filamu ya gigabaiti moja inanichukua karibu dakika saba kuishusha, tena nyumba nzima ikiwa imelala. Tofauti yote kati ya vipimo hivyo viwili imewekwa kwenye b ndogo na B kubwa. Ndugu Mtendaji Mkuu, kama ingekuwa sukari, mngekubali kilo ibadilike mara nane kwa sababu ya ukubwa wa herufi?

Kuna na jambo la tundu. Geuza ruta za bei nafuu utazame nyuma, pale waya wa intaneti unapochomekwa. Nyingi za daraja la AC1200 zina matundu yanayopitisha megabiti 100, mwisho. Hewani zinatangaza 1200, mlangoni zinapitisha 100. Kwenye boksi sifa hiyo imeandikwa kwa maneno ya kujisifu kwamba tundu ni la kasi, neno ambalo lilikuwa la kweli mwaka 1995 kiwango hicho kilipopitishwa. Kwa mwenye kifurushi cha 20 haina madhara. Kwa jirani yangu anayelipia 200, ni wizi wa nusu ya gunia, na mwizi kamnunua mwenyewe.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni mita za mraba. Boksi lilisema ruta inatosha nyumba ya mita za mraba kadhaa, na pembeni kulikuwa na mchoro wa nyumba yenye sofa nyeupe, mbwa, na kuta ambazo unaona upande wa pili. Nyumba za kwetu unazifahamu. Tofali la saruji la inchi sita, plasta pande zote mbili, nguzo za zege zenye nondo, nyavu na vyuma madirishani, simtanki la lita elfu limekaa kati ya sebule na chumba cha uani, na friji imeegemea ukuta palepale ambapo mawimbi yangepita. Chuma hurudisha mawimbi yalikotoka, maji huyameza, na zege hufanya yote mawili kidogo kidogo. Gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye ile namba kubwa ya kwenye boksi, ndiyo inayochoka mapema mbele ya ukuta. Gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila ina msongamano: chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na humo mmejaa majirani wote, Bluetooth za watu na maikrowevu ya mama wa ghorofa ya pili.

Kwa hiyo naleta pendekezo, na sidai chochote hata likipewa jina la mtu mwingine. Wakala utangaze kipimo rasmi kiitwacho Ukuta. Ukuta mmoja uwe tofali la inchi sita lililopigwa plasta. Kizigeu cha jipsamu kihesabiwe robo ukuta. Friji iwe ukuta na nusu, kioo kikubwa cha kabati vivyo hivyo kwa sababu ya ile rangi ya madini iliyoko nyuma yake. Sakafu ya zege kati ya ghorofa na ghorofa ijadiliwe na kamati. Simtanki lililojaa lisihesabiwe. Liandikwe “mwisho wa safari”. Kisha kila boksi la ruta libandikwe stika yenu: “Kuta mbili kwa 2.4, ukuta mmoja kwa 5, mlango ukiwa wazi.” Mteja anahesabu kuta zake, ananunua, anaondoka.

Wauzaji watapinga, wataonyesha antena. Nimeona ruta yenye antena nane, imekaa kaunta inatisha watoto. Antena nyingi zina kazi yake, hasa kupeleka mikondo kadhaa ya data kwa pamoja, lakini haziongezi ruhusa ya kupiga kelele. Nchi huweka kikomo cha nguvu. Ulaya, kwa mfano, kwenye gigahezi 2.4 ni miliwati 100, uwe na antena mbili au nane. Tena mazungumzo ni ya watu wawili. Ruta ikisikika hadi uani, bado simu iliyo mfukoni, yenye antena ndogo na betri ya asilimia kumi na moja, inatakiwa ijibu na isikike sebuleni. Ndiyo maana unaona vijiti vimejaa juu ya kioo na ukurasa haufunguki.

Hapo nimwingize fundi wa faiba, kwa heshima. Alifika, akatoboa ukuta wa mbele karibu na nguzo kwa sababu waya ndipo ulipoishia, akaiweka ruta nyuma ya TV, kona kabisa ya nyumba, nusu ya mawimbi yakielekea barabarani kuwahudumia bodaboda. Nilipouliza habari za chumba cha uani akanishauri ninunue kifaa cha kurudishia mawimbi. Vifaa hivyo vya bei ndogo hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hukatwa karibu nusu, hilo hakulitaja. Hakutaja pia kwamba waya wa mita kumi na tano na misumari ya kuushikilia vingeifikisha ruta koridoni, katikati ya nyumba, kwa bei ndogo kuliko antena moja ya lile dubwana. Ushauri wa waya hauna kamisheni.

Usalama nao una kipimo chake. Stika pekee niliyoikuta iko tumboni mwa ruta, na inamtangazia kila mgeni jina na pasiwedi ya kiwandani, pamoja na namba nane za WPS, zile za kuunganisha kifaa bila kuandika pasiwedi. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huzikagua namba hizo kwa mafungu mawili, na ya mwisho inatokana na zile za mbele, hivyo mvamizi anahitaji kujaribu mara 11,000 tu, si mamilioni. Mwaka 2016 programu haramu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kutumia pasiwedi za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza vifaa vya nyumbani kuuzwa na pasiwedi moja inayofanana kwa vyote, na inamtaka mtengenezaji aseme ataendelea kutoa masasisho ya usalama hadi lini. Nilimuuliza kijana wetu ya kwangu itasasishwa hadi mwaka gani. Akanihakikishia kwamba ina waranti ya wiki mbili, isipokuwa ikiungua.

Najua barua hii ikifika mezani kwako mtu atasema ielekezwe Mamlaka ya Mawasiliano. Wao huthibitisha kwamba kifaa hakitavuruga masafa ya wengine, na kwa hilo nawashukuru. Mimi naulizia kuvurugwa kwa mnunuzi.

Umeme ukikatika vyote hivi vinalala, ruta pamoja na kile kisanduku cha faiba ambacho watu husahau kwamba nacho kina plagi. Hilo nitaliandikia barua yake, kwa ofisi yake.

Ninachoomba ni mkaguzi mmoja, kopo lolote la kupimia atakaloona linafaa, na tarehe. Chai ipo. Nyumba ina kuta tano kutoka ruta hadi kitanda changu, zimehakikiwa na mimi mwenyewe kwa kugonga.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mteja wa Megabiti Ishirini
(kwa maandishi, kwa vipimo bado)

Nakala:
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania – kwa taarifa.
Kijana wa dukani, Kariakoo – kwa utekelezaji.
Mwenye nyumba – kwa angalizo, na ombi la kuhamisha simtanki.