Farasi wa Kununua kwenye Pampu

Gari lako lilivuka bahari kutoka Japani, likashuka Mombasa, likapanda hadi Kitengela, na juzi tu bodaboda yenye magunia mawili ya makaa ilikupita kabla ya Isinya. Usione haya, ndugu yangu. Nguvu za injini siku hizi watu wanazitafuta kwenye pampu, na mimi nitakuelekeza jinsi ya kuzinunua, au angalau jinsi ya kuonekana umezinunua. Kwa majirani zako pale mtaani hakuna tofauti.

1. Usisome kibandiko

Nyuma ya kifuniko cha mafuta pana kibandiko chenye maandishi ya Kijapani. Kiache hivyo hivyo. Ukikipiga picha, simu itakutafsiria, na utajua gari lako liliundwa kwa petroli gani. Kule kwao petroli ya kawaida huwa na oktani karibu 90, na ile ya juu karibu 100. Vitz, Probox na wenzao wengi waliundwa kwa hiyo ya 90. Ukishalijua hilo, hatua ya pili itakutoka mdomoni kama chai isiyo na sukari.

2. Jaza ile ya bei kali, na uitaje kwa sauti

Teremsha kioo. Ngoja mhudumu aseme, "Karibu bosi, niweke ya ngapi?" Hapo usitaje pesa kwanza, taja jina la mafuta. Litaje wa nyuma yako asikie.

Kati yetu sisi wawili tu: oktani si nguvu. Oktani ni subira. Ndani ya silinda petroli na hewa hubanwa pamoja, na mafuta yenye oktani ndogo hushindwa kungoja moto wa plagi uyafikie. Hulipuka yenyewe, na unasikia ko-ko-ko kama mtu anayegonga bati. Yenye oktani kubwa hungoja. Basi. Injini ya Vitz haibani mafuta kiasi cha kuhitaji subira yote hiyo, kwa hiyo umelipa mtu mvumilivu akufanyie kazi isiyomkasirisha mtu yeyote.

Jambo jingine usilitaje kabisa mbele ya abiria. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu hapo petroli yetu huja na meli ikiwa imeshasafishwa, na sehemu kubwa hupanda bara kwenye bomba moja kutoka Mombasa, iwe itauzwa chini ya bango jekundu, la njano au la kijani. Kampuni huongeza viungo vyake baadaye, na viungo vya kusafisha nozeli vina faida yake, sikatai. Ila nozeli safi haikuongezei farasi. Inakurudishia wale uliokuwa umewapoteza kwa uchafu.

3. Kimbia hesabu ya nishati

Mtu akikuambia "oktani kubwa, moto mkubwa", mkubalie kwa kichwa. Usimwachie mwalimu wa kemia aingilie mazungumzo, maana ataharibu nyama. Atasema lita ya petroli ina nishati ya megajuli kama 32. Lita ya ethanoli, ile waliyokuwa wakiitengeneza Muhoroni kutokana na molasi na kuichanganya na petroli miaka ya 1980, ina kama 21 tu, ilhali oktani yake inapita 100. Na lita ya mafuta ya taa ina kama 35, nyingi kuliko petroli yenyewe, lakini oktani yake ni ya kusikitisha.

Umeona balaa hilo? Mwenye subira kubwa ana nishati ndogo, na mwenye nishati nyingi hana subira hata chembe. Mada hii ikizuka, agiza mutura, ubadilishe mazungumzo.

4. Kama una Subaru ya turbo, geuza kila kitu

Hapa ndipo penye ustadi. Mwenye Vitz ameongeza pesa bila haja. Wewe mwenye haja, punguza.

Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, joto linapanda, na petroli inatakiwa iwe na subira ya fisi anayefuata mkono wa mtu. Nyingi za aina hiyo zilizouzwa Japani zilitengenezewa petroli ya 100. Wewe tafuta ya bei ya chini, kwenye kibanda cha chupa ikibidi, halafu toka Kitengela saa nne usiku, barabara ikiwa tupu, ukanyage hadi chini.

Mwanzoni hutaona kitu. Kwenye bloku pana kifaa kidogo kinachosikiliza ule ugongaji wa ko-ko-ko. Kikiusikia, kompyuta huchelewesha moto wa plagi na nguvu hupungua kimyakimya. Yaani umebana senti kwenye pampu, nawe umenyimwa farasi uliowalipia bandarini. Ukitaka kwenda mbali zaidi, zidisha sauti ya muziki. Kabla ya Kajiado mjini pistoni itakuwa imeshasema neno lake, na fundi atafunga boneti polepole, ajifute mikono kwa kitambaa, aseme, "Mkubwa, hii imenoki." Neno hilo halina rufaa.

5. Mafuta ya taa

Mafuta ya taa yalikuwa njia ya mkato tamu sana kwa wachakachuaji, hasa wa dizeli, mpaka serikali ilipoyatoza shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili mchezo usilipe. Aliyeumia zaidi ni mama mwenye stovu. Sina la kusema zaidi hapo.

6. Kichupa

Ukiona kichupa cha kuongeza oktani, nunua viwili. Mimi nilinunua kimoja, nikakimimina, nikaenda hadi Bisil na kurudi, na nikaapa kwamba gari limekuwa jepesi. Baadaye nilikumbuka kwamba siku hiyo mke wangu na wanawe watatu hawakuwemo.

Usidharau vichupa lakini. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba risasi kidogo ndani ya petroli huzuia ugongaji, na dunia ikameza sumu hiyo karibu miaka mia. Kenya iliachana nayo kufikia 2006. Wa mwisho walikuwa Algeria, mwaka 2021, na tangazo likatolewa na watu wa mazingira wa Umoja wa Mataifa, hapo hapo Gigiri.

7. Nenda Magadi

Hii ndiyo hatua ninayowapa rafiki tu. Kilo moja ya petroli hutaka karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri, na Kitengela iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Shinikizo la hewa huku ni pungufu ya lile la pwani kwa asilimia 15 hivi. Vitz yako ya 1300 ilishuka melini na farasi kama 87. Kumi na watatu kati yao walibaki Mombasa, na hakuna pampu itakayowaleta. Tena hewa nyepesi hupunguza ugongaji, kwa hiyo oktani ya ziada ina kazi ndogo zaidi huku kuliko kule pwani.

Basi pitia Kiserian, ukate Kona Baridi, uteremke mpaka Magadi, kama mita 600. Hewa inakuwa nzito, injini inavuta pumzi, hata joto la huko haliwezi kula faida yote. Mshangaze abiria. Mwambie ni yale mafuta ya bei kali. Kisha mtafutie usingizi kabla hamjaanza kupanda kurudi, maana farasi wa Magadi hawapandi Ngong.

Ukifika nyumbani salama, fungua kile kifuniko na usome kibandiko. Kikisema petroli ya kawaida, jaza ya kawaida na ukague hewa ya tairi kwenye kituo hicho hicho. Kwenye vituo vingi bado wanaijaza bure.