Muulize Mzee Spana: AC Imekukosea Nini?

Mzee Spana hujibu matatizo ya magari, ya ndoa, na ya ndoa zilizoharibiwa na magari. Barua za kukopa fedha hazijibiwi.

Mzee, shikamoo. Nina Subaru Impreza yenye turbo, injini EJ20. Magari ya rali yanayokuja hapa Mbarara hayana AC, tena nasikia kompresa inakula nguvu ya injini. Nimeamua kuing'oa yote niwaache wenzangu kwenye barabara ya Kabale. Nianzie wapi?
*Mwenye Haraka, Mbarara*

Marahaba, sebo. Anzia kwenye buti. Vijana wa Subaru nawajua: humo mna kasha la spika na mkungu wa matoke uliotumwa na mama tangu Jumapili. Mfumo mzima wa AC, yaani kompresa, kondensa, mabomba na ile ivapoleta iliyojificha nyuma ya dashibodi, ni kilo 15 hadi 20 hivi. Gari lako linapita kilo 1,200. Mkungu mnono ukiteremshwa, umemaliza kazi bila kushika spana.

Kompresa inakula nguvu, kweli, lakini ikiwa inafanya kazi. Ukizima AC, klachi ya sumaku inaachia, puli inazunguka bure na injini haioni mzigo wa maana. Kwa hiyo dawa unayo tayari: ni kitufe, kibonyeze. Huamini? Kwenye EJ20 mkanda wa AC ni wa peke yake. Utoe huo tu. Altaneta na pampu ya usukani zina mkanda wao. Siku ukijuta, unaurudisha.

Dereva wa rali anang'oa AC, halafu anafunga kizimba cha mabomba ya chuma ambacho ni kizito kuliko alichokitoa, kwa sababu anajua anaweza kupinduka. Charles Muhangi alipochukua ubingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999, na Susan Muwonge ubingwa wa Uganda mwaka 2011, mashindano yalikuwa kwenye njia zilizofungwa. Barabara ya Kabale haijafungwa: ina malori, ina trafiki, na ina ng'ombe wa Ankole ambao pembe zao zitaingia dirishani kabla hujapata breki.

Ukishikilia kung'oa, usilegeze nati gesi ingali ndani. Gesi hiyo, R134a, inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia, inaunguza ngozi kwa baridi. Tena ikitoroka, kilo yake moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 kukubaliana gesi za aina hiyo zipunguzwe. Nasema Kigali ya Rwanda, si kijiji cha Kigali cha huku kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tafuta fundi mwenye mashine ya kuinyonya. Na feni za rejeta ziache zote mahali pake.

Papa Spana, jambo. Bwana yangu aling'oa AC ili gari liende mbio. Sasa tukitoka Mbarara na vitenge vyangu tunafungua madirisha kwa sababu ya joto, na tukifika Base Camp vitenge vyote vimekuwa rangi moja, ya barabara. Wateja wananicheka. Nimwache?
*Mama Vitenge, Nakivale*

Mama, usimwache, mtoze. Kila kitenge kilichochafuka akinunue kwa bei ya rejareja.

Halafu mwambie aangalie ukuta ulio kati ya injini na abiria. Mabomba ya AC yalipotoka yaliacha matundu. Asipoyaziba kwa mpira, vumbi na moshi vitapita hapo hata mkifunga vioo. Feni ya ndani bado ipo. Fungeni madirisha, iwasheni ivute hewa ya nje: hewa ikijaa ndani inasukuma kutoka, na vumbi linakosa pa kuingilia. Mkikuta lori mbele, abaki nyuma mpaka wingu litulie. Mvua ikinyesha na kioo kikashika ukungu, AC ndiyo iliyokuwa ikiukausha upesi. Sasa itabidi awashe hita, nanyi mtatoka jasho pamoja, kwa shida na raha, kama mlivyoapa.

Fundi mkubwa, nimeuziwa kompresa ya AC na kijana mmoja aliyekuwa na haraka sana. Nataka kuizungusha kwa injini ndogo ya petroli, nijaze upepo matairi ya boda. Itakubali?
*Mziba Pancha, Rubondo*

Itakubali. Wewe peke yako leo ndiye uliyeuliza AC ina faida gani.

Lakini kompresa hiyo imezoea kupata oili inayosafiri pamoja na gesi. Ukiipa hewa tupu itakauka, kisha ikwame. Weka njia ya kudondosha oili kidogo upande inakovuta, na chombo cha kuinasa upande inakotema, maana oili inaharibu mpira wa matairi ya watu. Klachi yake inataka betri ya volti 12. Tangi usichomelee la mabati. Nunua tangi la upepo lenye geji na valvu ya usalama, kwa sababu tangi likipasuka halichagui mteja na fundi.

Ukimaliza, nitumie bei zako. Pikipiki yangu ina tairi la nyuma linalopungua upepo kila asubuhi, na safu hii hailipi.