Robo ya Tatu

Betri ya sola nyumbani kwetu Bugomora ni ya mke wangu. Paneli nilinunua mimi kwa hela ya kahawa, waya nikazipitisha mimi huku nyigu wa darini wakinifukuza, lakini tangu alipoanza kuchaji simu za majirani, umiliki ulihama kimyakimya. Sebuleni kuna ubao wa soketi, na kila simu inayoletwa hufungwa raba yenye kikaratasi cha jina. Anayetaka televisheni baada ya saa nne usiku huomba ruhusa. Mimi ndiye baba wa nyumba hiyo, nami huomba.

Juni 2025 nilikuwa na haja kubwa. Fainali ya NBA ilikuwa imefika mchezo wa saba, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, na kwa saa zetu ungeanza kama saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 23. Sikuomba. Jumapili hiyo ubaoni zilikuwa simu kumi na saba, kahawa ilikuwa imeanikwa majamvini kijiji kizima, na kila mtu alikuwa anasubiri kupigiwa simu kuhusu bei. Jibu nilikuwa nalijua. Nikaona heri niibe.

Nieleze kwa nini mwalimu mwenye akili zake aibe umeme ndani ya nyumba yake. Nilijifunza mpira wa kikapu seminari, nikicheza senta, si kwa sababu nilikuwa mrefu bali kwa sababu wenzangu walikuwa wafupi zaidi. Halafu ikaja tarehe 25 Juni 2009, siku Hasheem Thabeet, mita 2.21 za Mtanzania mtupu, alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, nyuma ya Blake Griffin tu. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Ipo basi siku moja katika historia ambapo Mtanzania alikuwa amemtangulia Stephen Curry, na siku hiyo niliwanunulia watu rubisi hadi mfuko ukatoboka. Kilichofuata hakikunywewa rubisi. Februari 2010 Memphis walimshusha hadi Dakota Wizards, ligi ya chini. Baadaye akapita Houston, akapita Portland, akatua Thunder mwaka 2012 na kukaa misimu miwili, zaidi akiwa benchi, enzi mfalme wa pale akiwa Kevin Durant. Tangu hapo Thunder ni timu yangu ya ukwe. Sikuichagua, nimeipata kupitia ndugu.

Lakini moyo wangu uko kwa wazee. Na wazee mwaka ule walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao. LeBron James, miaka 40, alitolewa na Minnesota raundi ya kwanza. Curry, miaka 37, msuli wa paja ulimsaliti katika mchezo wa kwanza dhidi ya Minnesota haohao, na Warriors wakaanguka bila yeye. Durant, 36, hata mchujo hakuufikia na Phoenix yake, na Jumapili hiyohiyo ya fainali habari zilienea kwamba amepelekwa Houston, kama fahali anayebadilishiwa zizi. Thunder, walioshinda michezo 68 msimu mzima, walikuwa kundi la vijana tu.

"Tata, zama zenu zimekwisha," aliniambia kijana wangu, yuko kidato cha tatu.

Hilo "zenu" ndilo lililonichoma. Nikamkumbusha kwamba Oktoba 2024 LeBron na mwanawe Bronny waliingia uwanjani pamoja, baba na mtoto wa kwanza kufanya hivyo katika NBA.

"Ndiyo, Tata. Lakini wale wako upande mmoja."

Kijana huyu amenipita urefu tangu mwaka juzi. Hatulizungumzii.

Basi nikatega simu iniamshe saa tisa kasoro, nikailaza chini ya mto. Nilichosahau ni kwamba ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda, na mtandao hauna hati ya kusafiria. Usiku simu ilivuka mto peke yake, ikashika minara ya huko, ikajirekebisha kwa saa za Kigali ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Iliponiamsha kwa uaminifu wake wote, jogoo wa kwanza alikuwa amekwisha kuwika. Nilinyata sebuleni, nikachomoa ubao wa simu, nikawasha televisheni bila sauti, nikawakuta wako mapumzikoni: Pacers 48, Thunder 47. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini Tyrese Haliburton hachezi. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika robo ya kwanza, wakati mimi nimelala kwa saa za Rwanda.

Robo ya tatu ikaanza, na hapo Thunder wakaachia. Shai Gilgeous-Alexander anacheza kama mtu anayekwenda dukani: hana haraka, anasimama njiani, anageuka, na ukishtuka amekwisha kununua. Nilikuwa nimeegemea mbele kabisa, pua karibu iguse kioo, inveta ilipoanza kulia. Pii. Pii. Pii. Nikaikumbatia kwa blanketi nikiiziba mdomo kama mtoto kanisani. Giza likaingia. Nikabaki nimepiga magoti sakafuni na betri mfu mikononi, na kwa mbali nikasikia kitanda cha mke wangu kikigeuka.

Matokeo, 103 kwa 91, niliyapata asubuhi kwa kijana wangu, ambaye aliyatoa mahali nisipopajua na kuyatamka polepole ili nisikose hata nukta moja.

Mke wangu hakusema neno. Saa moja asubuhi wenye simu walianza kufika, mmoja akiwa na kigunia cha kahawa begani, akimsubiri dalali aliyeahidi kupiga alfajiri. Mke wangu alimkabidhi kila mmoja simu yake nyeusi kama kaa, akaninyooshea kidole pale mlangoni, akasema, "Mwalimu atawaeleza." Nikawaeleza mara kumi na saba. Nilianza na hali ya mawingu ya jana. Nilipofika mtu wa sita, nilikuwa nasema ukweli.

Kesi ikapelekwa kwa Kaaka.

Kaaka ni mama yangu, tunamwita hivyo kwa kuwafuata watoto. Tangu baba alipofariki yeye ndiye serikali. Funguo za stoo hulala kwenye fundo la kanga yake, yeye huamua mkungu upi ukatwe na upi uachwe, na fahari ya maisha yake ni kwamba hajawahi kuuza kahawa butura, ikiwa bado maua mtini, hata miaka ambayo wenye mashamba makubwa kuliko letu waliuza. Kuna wakati wanunuzi wa magendo walikuwa wakiiona kanga yake kwa mbali na kubadilisha njia.

Lakini kuna mambo tulikuwa tunayaona na hakuna aliyeyasema. Maharage yalikuwa yanatiwa chumvi mara mbili. Gunia lililohesabiwa Jumatatu lilihesabiwa tena Jumatano na kuwa jipya. Mimi, mtoto wake, dawa yangu ilikuwa kula maharage yale na kuyasifia. Mke wangu alifanya jingine: alinunua daftari la shule, akawa anaandika. Kahawa iliyoingia, mikungu iliyotoka, nani kakopa jembe. Hakumsahihisha Kaaka hata siku moja. Aliweka mambo sawa akiwa nyuma yake, kama mchezaji anayezunguka bila mpira hadi unashangaa nafasi imetoka wapi. Miaka mizima nimewatazama watu wakifanya hivyo huko Marekani, kwa umeme wa kuibwa, na nyumbani kwangu sikuona.

Wiki ile Kaaka alikuwa na shughuli. Jumamosi binti wa dada yangu alikuwa anakuja kumtambulisha mchumba, na rubisi ya ugeni ilikuwa yake, hakuna mjadala. Jumatano vijana walikanyaga ndizi ndani ya mtumbwi, maji yakatiwa, mtama uliokaangwa na kusagwa ukachanganywa, mtumbwi ukafunikwa majani ya migomba kando ya uwanja. Alhamisi jioni ndipo aliposikiliza kesi yangu, ameketi kwenye kigoda, mkono mmoja juu ya majani yale kama anayempima mtoto homa.

Kijana akaleta hoja yake. Tucheze, mimi na yeye, vikapu saba. Nikishindwa, rimoti iondoke kwangu moja kwa moja, na asiwepo mtu wa kuitwa baba wa nyumba inapoamuliwa nani atazame nini. Nilitegemea Kaaka amkemee. Kaaka alisema, "Hayo ndiyo maneno," akasogeza kigoda apate kuona vizuri.

Ringi yetu ni rimu ya baiskeli iliyong'olewa spoku, imepigiliwa juu ya nguzo ya mkaratusi. Naijua kuliko kijana wangu. Upande wa kushoto imelala kidogo, na ukigonga ubao pale kwenye fundo, mpira unaingia wenyewe. Nikafunga vitatu mfululizo kwa mkono wa juu, mtindo wa seminari, mgongo nimempa. Majirani, wale wa simu, walikuwa wamesimama uzioni, na nakiri nilisikia raha yao ikipungua. Tatu bila! Nikaanza hata kumfundisha namna ya kusimama.

Tatu zikawa tatu kwa tatu. Sijui zilivyofika. Najua kwamba nilikuwa nikiamuru mguu uende, na mguu ukawa unajibu kama barua ya serikali. Nne kwa tano. Nne kwa sita. Mpira ukanitoka mkononi ukaelekea kwenye jamvi la kahawa, nami nikaufuata kinyumenyume, mikono juu, macho angani, ili watu waone kwamba mzee bado anapambana. Kisigino kikanasa ukingo wa jamvi. Nikarudi hatua mbili za kutafuta mizani, ya tatu haikupata ardhi, nikaketi ndani ya mtumbwi, rubisi ikanifika kifuani.

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamtazama Kaaka.

Kaaka akaniangalia kwa muda. "Ndizi tulikanyaga jana," akasema. "Wewe leo unakanyaga nini?"

Hapo uzio mzima ulianguka kwa kicheko. Kijana akanivuta kwa mkono, halafu, kwa adabu kabisa, akaokota mpira, akaenda chini ya ringi, akaweka cha saba.

Rubisi ile haikuwezekana tena kupewa wageni. Kaaka akasimama, akasema haidhuru, stoo kuna mikungu sita iliyoiva, kesho alfajiri tunakanyaga upya na Jumamosi asubuhi itakuwa tayari. Akaanza kufungua fundo la kanga.

"Mama," mke wangu akasema taratibu, "ni miwili. Minne ilikwenda msibani Jumanne."

"Sita."

Mke wangu hakuongeza neno, wala hakuleta daftari, ingawa lilikuwa dirishani na wote tulikuwa tunaliona. Kaaka alisimama na funguo mkononi. Alinitazama mimi. Nadhani alitaka nimwambie ni sita. Nilikuwa nachuruzika mtama hadi viatuni, na kwa mara ya kwanza nikashindwa kuyasifia yale maharage. Niliinamisha kichwa.

"Mgongo unaniuma kuinama mle," akasema mwishowe, akimpa mke wangu funguo kama anayempa kikombe akakisuuze. "Angalia wewe."

Mke wangu alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Kisha akageukia uzio bila hata kuvuta pumzi. Kila mwenye simu iliyozimika Jumatatu, akasema, akileta mkungu mmoja ulioiva kabla giza halijaingia, atachajiwa bure hadi mwisho wa mwezi wa saba. Saa mbili usiku tulikuwa na mikungu kumi na mmoja. Ijumaa tulikanyaga, mimi nikiwa mmoja wa wakanyagaji kwa amri, Kaaka akisimamia kutoka kwenye kigoda na kukosoa magoti yangu. Jumamosi wakwe walikunywa wakaomba tena, na aliyesifiwa kwa rubisi ni Kaaka, wala hakuna aliyemrekebisha msemaji.

Funguo hazikurudi kwenye kanga. Mkungu wa kukata, hadi leo, ni Kaaka anayeuonyesha kwa fimbo.

LeBron msimu mpya alianza akiwa mgonjwa wa neva ya mguu. Hadi katikati ya Novemba hakuwa ameonekana. Usiku wa kuamkia Ijumaa ya tarehe 5 Desemba Lakers wake walikuwa Toronto. Niliomba siku tatu kabla, kwa maandishi, nikaandikwa kwenye daftari: robo moja. Nikachagua ya nne.

Ilikuwa msimu wa senene. Taa ya nje iliachwa inawaka kwa ajili yao, betri ikigawanywa kwa mahesabu nisiyoulizwa, na Kaaka alikuwa macho sebuleni na beseni mapajani, akinyonyoa mbawa. Mzee wangu alikuwa na pointi nane. Tangu Januari 2007 alikuwa hajamaliza mchezo wa msimu akiwa chini ya kumi, michezo 1,297 mfululizo. Sekunde za mwisho, matokeo yako sawa, mpira ukamfika mkononi. Nikasimama. Akampa Rui Hachimura kule kwenye kona, Hachimura akafunga, 123 kwa 120, kengele ikalia.

"Amefunga yule mzee wako?" Kaaka akauliza bila kuinua macho.

"Hapana, Mama. Ametoa pasi."

"Wameshinda?"

"Wameshinda."

Akanisogezea nusu ya senene nimsaidie kunyonyoa. Nilikuwa nimeshika wa kwanza, nikingoja waonyeshe marudio ya ile pasi, sauti ilipotoka chumbani.

"Mwalimu. Robo imekwisha."