Muulize Shangazi: Bahari Imewafikia Wakwe

Shangazi, niko Nyangoto, hapa Nyamongo, nafuga samaki wa baharini sebuleni. Tangi la juu ni sentimita 120 kwa 45. Sampu, lile tangi la chini lenye pampu, ni 75 kwa 35, kimo 40, nami nimeijaza hadi 32. Bomba la kurudisha maji juu nimelizamisha sentimita 6. Juzi wazee wa ukweni wakihesabu ng'ombe waliobaki wa mahari, umeme ukakatika. Maji yakawafikia miguuni gizani. Wameongeza ng'ombe mmoja. Nifanyeje?
Mkwe Mpole

Ng'ombe toa, wazee wamehesabu vizuri kuliko wewe. Pampu ikizima, maji ya juu hushuka hadi mdomo wa bomba uvute hewa. Kwenye tangi lako kila sentimita ni lita 5.4, kwa hiyo lita 32 zilishuka, mbali na yaliyokuwa mabombani. Sampu ilikuwa na nafasi ya lita 21 tu. Lita 11 zilizozidi zilikwenda kuwaamkia wakwe.

Watu huchagua sampu kwa kutazama kabati lina nafasi gani. Wewe anza na giza. Pandisha mdomo wa bomba ubaki sentimita 1 au 2 chini ya uso wa maji. Vali ya kuzuia maji yasirudi usiiamini, chembe ya mchanga tu huiacha wazi. Kisha zima pampu mchana kweupe, acha maji yashuke yote, jaza sampu ubakishe vidole viwili kufika ukingoni. Washa. Maji yatakapotulia, piga mstari kwa kalamu ya wino mzito. Juu ya mstari huo usijaze kamwe, hata wageni wakisema sampu inaonekana tupu.

Shangazi, maji ya sampu hupungua kila siku. Naongeza ya chumvi, lakini samaki wamezubaa.
Mvumilivu, Kerende

Unawajengea Uvinza ya chumvi! Maji hupaa, chumvi hubaki. Ongeza maji matamu yaliyochujwa. Ya Mto Tigithe yaache. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja humo kutoka mgodi wa hapo Nyamongo.

Shangazi, kaka aniletee maji ya bahari kutoka Tanga? Tangi na sampu ni lita 350.
Kewanja

Hayo ni madumu 18, kondakta atayatoza nauli ya abiria. Tafuta chumvi ya matangi ya samaki, gramu 35 kwa lita. Ya mezani haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha. Ukiona bei ukashtuka, furu wa Ziwa Victoria wapo Musoma, wala hawadai chumvi.