Mhadhara wa Kimataifa Kuhusu Kiuno, Uliotolewa Mtaa wa Kongo

Waheshimiwa mabibi na mabwana, wenye maduka, wapagazi, na wewe kijana uliyeingia kujikinga na jua: kaeni. Bahati mliyonayo leo hamuijui. Wenzenu wa Stockholm na Toronto hunisikiliza kwa kiingilio. Ninyi mnanisikiliza bure, kwa kuwa mwenye jengo ameniachia ghorofa hii mpaka mzigo wake wa vitenge utoke bandarini.

Mimi ni Mtaalamu Mbobezi wa Ngoma za Asili kwa Jamii za Ughaibuni. Cheo hicho nilikitafuta duniani kote, sikukikuta kwa mtu yeyote, ikanibidi nikichukue mwenyewe kisije kikapotea. Wapo wanaouliza kama ninajua kucheza. Swali la kitoto hilo. Mwenye duka la viatu havai jozi zote.

Nadharia yangu ni nyepesi, ndiyo maana imechukua miaka. Kariakoo hii inapokea makontena ya Guangzhou usiku na mchana. Je, tunarudisha nini? Kontena kurudi tupu ni aibu kwa taifa. Tulijaze ngoma! Tatizo ni kwamba ngoma jinsi ilivyo haisafirishiki. Ni ndefu mno, ina watu wengi mno, na kila mmoja wao ana sababu yake ya kuwapo. Kazi ya mtaalamu ni kuipunguza mpaka itoshe.

Tuanze na mdundiko wa Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Mwali anatolewa nje, ngoma inaanzia mlangoni kwa wenye shughuli, na ikifika Msimbazi imeshazoa mtaa mzima. Mama aliyekuwa anachambua mchele kaacha ungo, fundi cherehani kaacha suruali ya mtu ina mguu mmoja. Watoto wanaifuata toka Gerezani hadi Buguruni, na magharibi wazazi wanahangaika kuwatafuta. Nimeuchunguza mdundiko nikaona una kasoro tatu: unatembea, haujulikani utaishia wapi, na mtazamaji hajui ni saa ngapi ameacha kuwa mtazamaji. Katika mtaala wangu mdundiko umesimama. Unachukua dakika sita. Wafuasi wamekalishwa kwenye viti vyenye namba, na mwali ameondolewa kwa sababu za ratiba.

Sindimba ya Wamakonde nayo nimeihudumia. Huko kusini huchezwa mavuno yakishaingia ghalani, vijana wakirudi kutoka jandoni. Ughaibuni hakuna jando wala ghala, kwa hiyo nimeigawa kwa hesabu: moja, mbili, tatu, nne, kiuno. Mwanafunzi anafungwa kibwebwe, anasimamishwa mbele ya kioo, anaambiwa asitabasamu mpaka hatua ya tano. Mama mmoja wa huko aliniuliza kiuno kizungushwe upande gani. Nilimjibu papo hapo kwamba kaskazini ya Ikweta kinazungushwa kulia, kusini yake kushoto, na watu wa Nanyuki wachague wenyewe. Aliandika yote kwenye daftari.

Msidhani mafanikio haya yalikuja kirahisi. Adui wa kwanza ni baridi yenye unyevu. Ngozi ya ngoma hulegea, ukaipiga isisikike hata na aliyeibeba. Hapa kwetu mpigaji angeokota maboksi pembeni mwa barabara, akawasha, akaizungusha ngoma juu ya moto huku akiigonga kwa kidole na kutega sikio mpaka iseme. Kule tuliwasha boksi moja tu. King'ora kikalia, dari ikatunyeshea mvua, na zimamoto wakafika kabla mwanafunzi wa mwisho hajafunga kibwebwe. Tangu siku hiyo tunatumia mashine ya kukaushia nywele. Ukimaliza ngoma ya nne, ya kwanza imeshalegea tena.

Sasa wapo wazee wa Mnazi Mmoja wanaopita wakisema ati sina jipya. Wananitajia beni. Ati mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walizitazama bendi za kijeshi za Wazungu, wakajitungia ngoma yao yenye gwaride, sare na vyeo. Ati Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisambaza bara, ikibebwa na askari na wapagazi. Ati hapa Dar es Salaam vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana, kila upande na kingi wake na majenerali wake, mpaka maofisa wa Kiingereza wakaingiwa na hofu ya siasa. Nikawauliza: mtaala ulikuwapo? Haukuwapo. Cheti? Hakikuwapo. Basi kitaalamu beni haijawahi kufundishwa, na wote walioicheza walikuwa wanabahatisha. Walibahatisha kwa miongo kadhaa, nusu ya Afrika Mashariki, lakini wingi si hoja.

Wananitajia na dansi. Ni kweli, vijana wa mji huu walifunga tai wakajifunza waltz na foxtrot enzi za Mwingereza, hadi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipolieleza Bunge masikitiko yake kwamba rumba na chachacha tunazijua kuliko gombesugu na lelemama. Ikaundwa wizara ya utamaduni, kikafuata kikundi cha taifa cha ngoma, na vijana wakapelekwa China kusomea sarakasi. Hapo ndipo penye fundisho! Leo vikundi vyetu vikipanda jukwaani Ulaya, sindimba ikiisha wanaingia vijana wa kupandiana mabegani hadi karibu na taa, na ukumbi mzima unazipigia makofi mila za mababu wa Kiafrika. Mababu wenyewe ni Wachina. Hakuna aliyedai kurudishiwa nauli.

Msinitajie Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, mwaka 2007 kikawa TaSUBa, na hadi leo kinamweka mwanafunzi miaka kwa jambo ambalo wangu wanalimaliza Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana. Wala msinitajie marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyepanda majukwaa ya dunia na ilimba yake, akarekodi na Real World ya Peter Gabriel, hadi alipofariki 2003. Wageni walimsikiliza bila kuelewa neno la Kigogo na hawakutaka aache. Huo ni uzembe wa kibiashara. Hakuwahesabia hata moja, mbili, tatu.

Nina nafasi ya swali moja. Naam, bi mkubwa, wewe uliyenyoosha mkono tangu mwanzo. Anasema yeye ni kungwi wa siku nyingi. Anataka kujua: ngoma ikishaondolewa mwali, na moto, na barabara, na watu wake, ndani ya kontena kunabaki nini?

Swali zuri, bibi. Inabaki nafasi. Na nafasi tunaiuza kwa CBM, yaani kwa mita ya ujazo. Bei muulize yule dada mlangoni.